Kunyenyekea Kuna Mpaka

Nimechoka kusikia Waefeso 5:22 ikigeuzwa fimbo ya kuwachapia wake. Kitenzi cha Kigiriki hapo ni hupotasso, yaani kujiweka chini ya mwingine. Watoto na watumwa, katika sura ya 6, wanaagizwa kwa neno jingine: hupakouo, kusikiliza na kutii. Isitoshe, baadhi ya hati kongwe hazina kitenzi katika aya ya 22. Kinaazimwa kutoka aya ya 21, inayowataka waumini wote wanyenyekeane. Tena mpaka upo: katika Matendo 5:29 mitume walilikatalia baraza, wakimtanguliza Mungu. Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kusoma aya jirani. Anayevumilia kipigo kwa sababu ya aya moja amesomewa nusu.