Juma Bhalo na Tuhuma ya Uigaji

Jina la Ahmad Nassir Juma Bhalo halihitaji kutambulishwa katika kurasa hizi. Diwani yake, Malenga wa Mvita, iliyotoka mwaka 1971, imesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kiswahili. Lakini mtaje binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, nawe utaulizwa, "Yule mwimbaji wa taarab?" Mjadala hukomea hapo. Ilhali miongoni mwa mashairi aliyoyaimba yamo yaliyotungwa na malenga huyo huyo tunayemchambua darasani. Yaani shairi likichapwa huwa fasihi. Likiimbwa harusini huwa burudani tu. Nionavyo mimi, mpaka huu hauna msingi wowote wa kitaaluma.

Sababu inayotolewa mara kwa mara ni uigaji. Juma Bhalo na wenzake walijulikana kwa taarab ya Kihindi: walizichukua lahani za nyimbo za filamu za Bombay, wakazitilia maneno ya Kiswahili, hamoniamu na tabla zikiwaongoza. Wapo wanaosema kwamba huo ni Uhindi uliovishwa kanzu. Hoja hii ingekuwa na uzito lau ingetumiwa kwa haki. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoundwa mwaka 1905, ilijijenga kwa kuielekea Misri, wala hakuna anayeiita ya kuiga. Tunaiita ya kale na kuienzi. Vipi basi kilichotoka Kairo kiwe urithi, na kilichotoka Bombay kiwe wizi? Pepo za kaskazi zimewaleta wageni wa pande zote mbili katika bandari zetu tangu enzi. Hata tashkota, ala ambayo imekuwa kama nembo ya taarab ya Mombasa, asili yake ni Japani, ilikobuniwa katika mji wa Nagoya mwaka 1912.

Aidha, tuitazame kazi yenyewe. Lahani ya filamu imekwishapimwa kwa lugha nyingine. Urefu wa sauti, mapumziko na kiitikio vimewekwa tayari. Mtunzi wa Kiswahili anaingia katika nyumba iliyojengwa na mwingine, naye ana sheria zake: mizani, vina, na mkazo unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Akiweka neno lisilostahili penye sauti ndefu, mkazo unapotoka na msikilizaji wa Malindi atalitambua kosa kabla ya beti kwisha. Anachosaidiwa nacho ni kwamba silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, hivyo mwimbaji ana mahali pa kuivuta sauti. Huu ni utunzi wenye masharti mawili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayeweza kueleza bahari za ushairi anapaswa kuweza kueleza na hili.

Lipo pia suala la lahaja, ambalo huniuma zaidi. Nyimbo hizi zikinakiliwa kwa Kiswahili sanifu, kama ifanyikavyo mara nyingi, mato huwa macho, nti huwa nchi, na kina chote cha ubeti huanguka. "Mato" na "mapito" vinashikana. "Macho" na "mapito" havijuani. Mhakiki husoma nakala hiyo, akahitimisha kwamba mtunzi hakuzijali kanuni. Kumbe aliyezivunja ni mnakili.

Sisemi kwamba taarab ndiyo sauti pekee ya mwambao huu. Wagiriama wana mwanzele, na kifudu cha matangani, na hizo zina wataalamu wake. Wala sisemi kwamba kila wimbo wa harusi ni shairi bora. Nyingine ni za kupita. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alipiga udi na kufanya kazi bega kwa bega na Sheikh Ahmed Nabhany, na ushirikiano huo umeheshimiwa na wasomi. Heshima kama hiyo ndiyo inayokosekana upande wa pili.

Wakati huo huo, kaseti zinaoza. Utepe wa kaseti haukuumbwa kuhimili joto na unyevu wa pwani, na nyingi hazikuandikwa jina la mtunzi wala la mpiga tabla. Kuna jina la mwimbaji na nambari tu. Wanaoweza kusema nani alitunga nini ni wazee, nao wanapungua. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, safari fupi kutoka Malindi. Chama chetu kina wanachama watokao huko ambao Kimvita au Kiamu ndicho walichonyonyeshwa nacho. Wakati wa likizo ijayo, kila mmoja wao na anakili nyimbo tatu kwa lahaja yake, aulize jina la mtunzi na la kila mpigaji, kisha aziwasilishe nakala katika Idara. Wahadhiri wakiridhia, kazi hiyo na ihesabiwe katika alama za somo la ushairi.