Umri wa mbegu usifichwe

Kila ifikapo Septemba, masoko ya mpakani, tangu Kobero hadi Mugina, hujaa watu wanaotafuta maharage ya kupanda. Mnunuzi huchota kiganjani, hutazama rangi, hupatana bei. Swali moja haulizi: yalivunwa lini?

Kwetu sisi tuliorejea, swali hilo ni zito. Nilisomea kambini Mtabila, mkoani Kigoma, na leo nafundisha Makamba. Mwenyeji mbegu zikimgomea huazima kwa shangazi yake. Mrejeaji hana akiba wala wa kumwazima. Zisipoota, mvua haimsubiri, na darasani naona viti vitupu.

Mbegu kavu haijafa, imelala, lakini hata usingizini huzeeka. Wanasayansi wanaweza kuupima uzee huo. Nyuzi za RNA, zinazobeba maagizo ya vinasaba, hukatika vipande vipande kadiri mbegu inavyokaa ghalani. Vinasaba vyenyewe hujeruhiwa, na mbegu ikilowa lazima ivitibu kwanza ndipo ikue. Majeraha yakizidi, huchelewa kuota au huoza. Kwa macho, mbegu ni ileile.

Kinachozeesha ni joto na unyevu. Kwa makadirio, unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, au joto la ghala kwa nyuzi 5, maisha yake huongezeka maradufu. Basi fikirieni gunia lililoshinda miezi chini ya bati. Akina mama wanalijua: maharage ya namna hiyo humaliza kuni.

Mfanyabiashara atasema, "Mimi nauza chakula, si mbegu." Ndugu yangu, mwezi wa kupanda unajua fika kinachonunuliwa.

Maabara hatuna, kitambaa tunacho. Hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, ngoja kama wiki moja. Zikiota 90, nunua bila hofu. Zikiota 50, usizipande.

Rai yangu ni hii. Wauzaji waandike juu ya gunia mwezi wa mavuno na idadi ya mbegu zilizoota. Wasimamizi wa masoko walidai hilo kama wanavyodai ushuru. Na shule zilizo karibu zipewe kazi ya kupima, wanafunzi wanaweza. Muuzaji atapoteza mbegu 100 tu. Mnunuzi asipoambiwa ukweli, hupoteza msimu mzima.