Moshi Mweusi Mpakani Gisenyi

Askari wa zamu kwenye kizuizi baina ya Gisenyi na Goma huvuta moshi wa malori kutwa. Wengi hudhani kwamba weusi ule ni desturi ya dizeli. Sivyo. Masizi huzaliwa pale mafuta yanapoizidi hewa ndani ya silinda. Na hewa ya Gisenyi, mji ulio kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari, imepungua uzito kwa takriban sehemu moja katika saba ikilinganishwa na ya Mombasa. Dereva mwenye shehena nzito akikanyaga ghafula, dizeli humiminika kabla hewa ya kutosha haijasukumwa, nalo wingu humwangukia mlinzi. Filta iliyoziba na nozeli zilizochakaa huongeza balaa.

Lori lililosimama likinguruma halitoi wingu kubwa, nasi hudanganyika. Chembe zake ni ndogo mno, hupenya hadi vina vya mapafu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliutangaza moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani.

Kwa hiyo twaona injini izimwe kwanza, hati zikaguliwe baadaye. Na sisi wenye sare, filta za magari yetu zisingoje siku ya gwaride.