Mia Nne za Mama

Nimechoka na vichekesho vya mama Mkenya. Mnavijua: kijana anajifunga kitambaa kichwani, anashika kiuno, anauliza, "Kwani huyo wa namba moja ana vichwa viwili?" Tunacheka. Hata mimi hucheka. Shida ni wale wanaokuja baadaye na uso wa msiba kutuambia kwamba matarajio ya mama zetu yalituvuruga akili, ati tungeachwa tu, leo tungekuwa watu wenye amani.

Tungeachiwa nani? Mtoto wa Eastlands akiachwa hapewi uhuru. Anapewa kile ambacho wengine wamemkadiria.

Niliingia darasa la kwanza mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure. Bila hiyo pengine singekuwa naandika haya. Lakini watoto walifurika: tulibanana wanne kwa dawati la wawili, kitabu kimoja kikizunguka kama sahani ya harusi. Kwa ule msongamano hakuna aliyetegemea mtu atoke. Miaka kadhaa baadaye mwalimu mmoja alimwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba kwa shule kama yetu alama 250 kati ya 500 za KCPE si mbaya. Upole huo naungopa hadi leo.

Mama alikuwa mama mboga, na shule ya msingi hakuimaliza. Akamuuliza, "Mwalimu, mia nne ni za watoto wa nani?"

Kuanzia hapo nyumbani kwetu ikawa ni mia nne tu. Nikileta 310, anauliza tisini ziko wapi, kama mtu anayedai chenji yake. Hesabu zangu hakuweza kuzisahihisha, lakini koroboi aliijua kuisoma: akiamka akute mafuta yamebaki mengi, alijua nililala mapema.

Mtasema hilo ni shinikizo. Ndiyo, ni shinikizo. Wazazi wa Lavington nao wana matarajio, ila wao huyalipia: tuisheni, piano, kuogelea. Yakilipiwa yanaitwa malezi. Ya mama mboga, aliyekuwa na mdomo wake tu na koroboi, ndiyo mnayaita kiwewe.

Na tusichanganye mambo hapa. Fimbo si matarajio. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na aliyeumizwa na mzazi wake ana haki ya kusema, tena kwa sauti. Ninaowapinga ni wale wanaoweka kofi na swali kwenye kapu moja. Swali la mama lilikuwa na imani ndani yake, kwamba hizo tisini zipo na mimi ndiye mwenyewe.

Nilipata 387. Mama aliitazama simu, akaninunulia soda, kisha akauliza kumi na tatu zimeenda wapi. Asante, mama.

Sasa KCPE yenyewe ilizikwa 2023. Ripoti za siku hizi hazina namba moja, zinaandika kwamba mtoto "anakaribia matarajio." Matarajio ya nani, karatasi haisemi. Kuna mama mboga hapa chini ya ploti yetu ambaye juzi alifunga kibanda saa tatu asubuhi, akaenda shuleni kuuliza.