Hata Sare Tunaikata kwa Saizi

Leo magauni na hina tunayaweka pembeni kidogo, kuna jambo limetukaa kooni.

Sisi tunaokaa nyuma ya cherehani tunazijua sare za skuli. Rangi ni moja, mshono ni mmoja, lakini mnene anakatiwa kipimo chake na mwembamba chake. Hakuna fundi mwenye akili atakayekata nguo arubaini kwa kipimo cha mtoto mmoja, kisha nguo ikimbana mwengine akaambiwa kosa ni la mwili wake. Basi nendeni mkaangalie somo la historia la kidato cha kwanza na cha pili linavyofundishwa kwenye skuli zetu nyingi. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia, kesho mada nyengine. Aliyeelewa na asiyeelewa wote wanafungua ukurasa mpya. Mtihani ukifika, daftari limejaa na kichwani hamna kitu.

Na anayeumia zaidi ni mtoto wa kike, tuliseme wazi. Choo cha skuli hakina maji, akiwa kwenye siku zake habaki darasani. Mama kajifungua, yeye ndiye anayebakishwa nyumbani. Nyumbani kuna harusi, yeye anakosha masufuria wakati kaka yake yuko skuli. Akirudi, anaazima daftari la mwenziwe, ananakili kurasa sita asizozielewa, na hapo ndipo anapoanza kuambiwa hana akili.

Tunachokitaka si kigumu kukieleza. Mwalimu atayarishe kazi za mada nzima mapema, kwenye karatasi au kadi. Kuna kazi za lazima, na mtoto haendi ya pili mpaka mwalimu ameona kuwa ya kwanza ameiweza. Akishamaliza za lazima, anachagua mwenyewe jambo la kulichimba na namna ya kulionyesha: aandike, achore ramani, au akamuulize bibi yake na alete majibu. Aliyekosa wiki nzima anakuta kazi yake inamsubiri pale pale alipoiacha.

Kuna wanaosema haya mambo ya kizungu. Wallahi linatuchekesha. Nani kati yetu hakusoma chuoni? Mkeka mmoja, watoto thelathini, huyu yuko kwenye alifu, yule yuko Juzuu Amma, mwengine anakaribia kukhitimu. Kila mmoja anakwenda mbele ya maalim na chake. Akisoma sawa anasonga, akikosea anarudi. Hatujamuona maalim anayempitisha mtoto sura asiyoijua kwa sababu wiki imekwisha. Na Qur'ani yenyewe ilimshukia Mtume wetu (S.A.W.) kidogo kidogo, kwa muda wa miaka 23. Kozi ya ushonaji nayo tuliisoma hivyo hivyo: mmoja kafika kwenye kola, mwenziwe bado anajifunza kukanyaga cherehani mshono usiende upogo, na mwalimu anapita baina yao. Hata watoto wadogo wa madrasa za awali wana kona zao na wanachagua waanzie ipi. Mtoto wa miaka minne anaaminiwa kuchagua, akifika miaka kumi na minne anaambiwa anakili!

Mteja wetu mmoja alitusimulia kuwa binti yake alimuuliza mwalimu, katika historia hii bibi zetu walikuwa wapi? Akajibiwa kuwa haimo kwenye mtihani. Skuli hatuitaji. Lakini jibu lile lina ubaya wake, kwa sababu bibi zetu wamo, tena wamejaa. Chukueni mada ya biashara ya karne ya 19, ambayo watoto wanaikariri kama orodha ya sokoni: pembe, karafuu, watumwa. Mpeni binti kipande cha merikani na mwambieni atafute jina hilo limetoka wapi. Ataikuta pamba iliyofumwa Massachusetts, atawakuta Wamarekani wakiwa na balozi wao mdogo Unguja tangu 1837. Atauliza kwa nini merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa, na kwa nini wanawake walioachiwa huru waliziacha wakakimbilia kanga. Atagundua kuwa amri ya 1897 ya kuondoa utumwa iliwaacha masuria nje, wakasubiri mpaka 1909. Hilo likishamuingia msichana, hahitaji kukaririshwa.

Mwengine achague Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma, kuandika hawakufundishwa. Akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kitabu chake kilichapwa Ujerumani mwaka 1886. Mwengine aende na Siti binti Saad wa Fumba, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Na anayependa hesabu apewe maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, mwaka 500 wa Hijria, atuambie ni mwaka gani wa miladia.

Mtasema watoto watachagua kilicho rahisi. Biharusi akija kwetu anachagua mshono, rangi na lesi, lakini hachagui kuacha upindo. Mishono iliyomo kwenye kitabu tumeipanga sisi. Mwalimu naye ndiye anayepanga.

La madarasa kujaa hatulipingi. Mwalimu mwenye watoto sitini ana kazi, na kutayarisha karatasi za mada nzima kunachosha, hasa mara ya kwanza. Lakini saa anazomaliza akiandika ubaoni ndizo saa angezunguka baina ya meza. Na mwendo wa mtoto si ruhusa ya uvivu: mada iwe na tarehe yake ya mwisho, na anayesuasua aonekane wiki ya pili, badala ya kuonekana siku ya matokeo wakati hakuna la kufanya ila kulia.

Nanyi mabiharusi mnaopita hapa kutafuta mishono, msione haya ya wakubwa. Mtoto anafika kidato cha kwanza gauni la harusi bado halijapauka sandukuni. Mkitafuta skuli msiulize ada tu. Ulizeni, mwanangu akikosa wiki moja, anarudi kwenye nini?

Sisi kikao cha wazazi kijacho tutauliza hivyo, in shaa Allah, na hatutakaa mpaka tujibiwe. Vipande vya merikani na kaniki tunavyo, mfuko mzima chini ya meza ya kukatia. Mwalimu wa historia anayevitaka kwa darasa lake aje achukue bure. Baada ya Adhuhuri tupo.