Njia ya Bonde la Msimbazi Iwe ya Wananchi

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ukapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kwa miaka mingi jina la mto huo limetajwa zaidi nyakati za mvua, na limetajwa kwa majonzi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40 jijini Dar es Salaam, na mamia ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo Barabara ya Morogoro ilifungwa mara nyingi pale Jangwani, na karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa bondeni humo ikafunikwa na maji mara kadhaa.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo. Mpango ni kupanua mkondo wa mto, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuiondoa karakana na kuligeuza eneo la chini kuwa bustani kubwa ya mji. Hapana shaka kwamba uamuzi huo ni wa kupongezwa. Hata hivyo, lipo swali linalostahili kujibiwa mapema: bustani hiyo itakuwa ya nani?

Jibu lianzie kwa wale wanaolivuka bonde kila siku. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na walio wengi kati yao hawana gari. Alfajiri wafanyakazi, wachuuzi na wanafunzi hutoka Kigogo, Mchikichini na Magomeni kwenda Kariakoo, Upanga na Muhimbili kwa miguu, wakipita vichochoroni na kando ya magari. Njia moja pana ya miguu na baiskeli, itakayofuata mto kutoka Vingunguti hadi karibu na bahari, ingewafupishia safari na kuwaepusha na ajali. Kwa hiyo njia hiyo isichukuliwe kuwa pambo la kuongezwa fedha zikibaki. Ihesabiwe kuwa barabara kama barabara nyingine yoyote.

Ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo ilikuwapo mwaka 2011, na bado maji yalizikuta nyumba bondeni. Si haki kuwatupia lawama zote wanyonge waliojenga humo. Waliunganishiwa umeme, na wengine wakapewa leseni za makazi. Karakana ya mabasi nayo haikujengwa na maskini asiye na kiwanja. Ilijengwa kwa fedha za umma na kwa idhini za ofisi za umma. Maji hufuata mkondo, wala hayasomi mhuri wa ofisi yoyote.

Ardhi iliyo wazi, isiyo na matumizi yanayoonekana, haikai wazi kwa muda mrefu. Leo hutupwa taka, kesho hujengwa kibanda, keshokutwa hutokea mtu mwenye hati. Lakini ardhi inayopitwa na maelfu ya wananchi kila siku ina maelfu ya walinzi. Atakayeweka ukuta katikati ya njia yao ataonekana asubuhi ile ile.

Njia hiyo haihitaji makubwa. Ijengwe kwa namna ambayo mafuriko yatapita juu yake bila kuing'oa. Iwekwe taa, ili mwanamke atokaye kazini usiku asiogope kuipita, na nguzo fupi za kuzuia pikipiki. Iunganishwe na vituo vya mabasi vya Jangwani na Magomeni, na hapo pawepo mahali salama pa kufungia baiskeli. Zaidi ya yote, maji machafu ya viwandani na ya vyooni yazuiwe kuingia mtoni, kwa kuwa hakuna atakayependa kutembea kando ya mto unaonuka.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao, badala ya kuletewa mipango iliyokwisha kuamuliwa na wataalamu. Msingi huo haujachakaa. Mikutano ya mitaa iulizwe njia ipite wapi na ivukwe wapi. Mama lishe na mafundi baiskeli watengewe sehemu zao tangu mwanzo, wasije wakafukuzwa baadaye kwa jina la usafi. Wale waliohama bonde wakirudi kulitazama, wakute mali ya umma. Wakikuta hoteli na uzio, watakuwa na haki ya kusema kwamba walihamishwa ili wengine wapate nafasi.

Kazi hii itawategemea sana watumishi wa umma. Ofisa ardhi, mhandisi wa manispaa na mtendaji wa mtaa ndio watakaoletewa maombi ya kumega kipande kidogo hapa na kipande kidogo pale. Kila sahihi itakayokataa kutiwa itakuwa imelinda maisha. Walimu nao wanao wajibu wao. Shule za Jangwani na Azania ziko jirani na bonde, na mto huo ni darasa la jiografia na la uraia lisilohitaji ada. Mtoto atakayefundishwa leo kwa nini mto lazima uachiwe nafasi yake hatakubali, atakapokuwa ofisa, kuigawa nafasi hiyo kwa barua.