Picha za sayari ni mali ya umma, zisifungiwe kabatini

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona ni la mataifa makubwa peke yao, nalo ni utunzaji wa picha zinazopigwa na vyombo vinavyopelekwa kwenye sayari.

Kila chombo kinaporushwa, magazeti na redio hueleza gharama zake na picha zake za kwanza. Baada ya majuma mawili habari hiyo husahauliwa. Swali lisiloulizwa ni hili: picha hizo huenda wapi? Nani anazitunza, na nani anaruhusiwa kuziona? Mimi naamini kwamba kuitunza picha na kuwagawia watu ni kazi sawa na kuipiga.

Kwanza tuelewe picha yenyewe ni kitu gani. Chombo cha Voyager 2 cha Marekani, kilichorushwa mwaka 1977, hakikurudisha filamu duniani. Kila picha yake iligawanywa katika mistari 800, na kila mstari katika vitone 800, kisha kila kitone kikapewa namba kuanzia 0 hadi 255 kuonyesha kiasi cha mwanga. Namba hizo ndizo zilizosafiri kwa mawimbi ya redio mpaka hapa duniani. Kwa hiyo picha ya sayari ni orodha ya namba. Kanda iliyorekodi namba hizo ikiharibika, au mashine ya kuisoma ikitupwa, au maelezo ya mpangilio wake yakipotea, basi picha nayo imekufa.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2009 shirika la anga la Marekani, NASA, lilieleza kwamba kanda za awali zilizorekodi matangazo ya Apollo 11 kutoka Mwezini mwaka 1969 yaelekea zilifutwa na kutumiwa tena. Kwa upande mwingine, kanda za vyombo vya Lunar Orbiter, vilivyopiga picha za Mwezi mwaka 1966 na 1967, zilinusurika kwa sababu mtunza kumbukumbu mmoja, Nancy Evans, alikataa zisitupwe. Mashine za kuzisomea alizihifadhi nyumbani kwake kwa miaka mingi. Mwaka 2008 mafundi walizifufua mashine hizo, na picha ya Dunia ikichomoza juu ya Mwezi ikaonekana kwa ubora ambao watu wa mwaka 1966 hawakuupata.

Wapo watakaosema kuwa picha kuukuu hazina faida maadamu wataalamu wamekwisha kuzitazama. Hoja hiyo si kweli. Voyager 2 ilipita karibu na sayari ya Uranus mwaka 1986. Mwaka 1999, yaani miaka 13 baadaye, mtaalamu Erich Karkoschka alizipitia upya picha zile zile akagundua mwezi mdogo ambao hakuna aliyekuwa ameutambua. Leo mwezi huo unaitwa Perdita. Tena, chombo cha Magellan kiliichunguza Zuhura kwa rada miaka ya 1990. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba picha mbili za mwaka 1991, moja ya Februari na nyingine ya Oktoba, zinaonyesha tundu la volkano lililobadilika umbo na kupanuka. Ushahidi huo ulikuwa umelala ghalani zaidi ya miaka 30 ukimngoja mwenye kuuliza.

Ili picha iweze kungoja namna hiyo, lazima itunzwe kwa utaratibu. Katika hazina ya NASA iitwayo Planetary Data System kila picha huwekwa pamoja na maelezo yake: saa iliyopigwa, kamera iliyotumika, na chombo kilikuwa wapi. Sisi walimu tunalielewa jambo hili. Karatasi ya mtihani isiyo na namba ya mtahiniwa, hata ikiwa na majibu mazuri namna gani, haimsaidii mtu.

Liko suala jingine, la lini picha zitolewe. Mara nyingi waliounda kamera hupewa muda, kwa mfano miezi sita, wazichambue kabla ya wengine. Mtu aliyeifanyia kazi kamera miaka kumi anastahili heshima hiyo. Lakini chombo cha Rosetta cha Ulaya kilipofika kwenye kimondo chenye mkia mwaka 2014, watu wengi walilalamika kwamba picha za kamera yake kubwa zinatolewa kwa uchache mno, ilhali fedha ni za walipa kodi. Tofauti na hapo, picha za kamera ya chombo cha Juno, kilichofika Mshtarii mwaka 2016, hutolewa kwa watu wote, na raia wa kawaida huzisafisha na kuzipa rangi. Mimi naunga mkono njia hii ya pili. Heshima ya mtaalamu haipungui kwa mwananchi kuona.

Ndugu Mhariri, nasi tunahusika. Picha nyingi za NASA hazina haki miliki, na mwalimu yeyote anaweza kuzitumia darasani bila kulipa. Kikwazo ni kwamba maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mafaili mengi ya asili hayafunguki bila programu maalumu. Mlango ulio wazi juu ya ngazi ndefu haumfai mtoto wa darasa la nne. Nashauri wataalamu wetu wa sayansi na wa Kiswahili wakae pamoja, wachague hata picha 50 za sayari, waziandikie maelezo ya Kiswahili fasaha, kisha zichapwe na kusambazwa katika shule za msingi, hata zile zisizo na umeme. Picha zimekwisha kupigwa na kutunzwa kwa gharama za wengine. Kazi iliyobaki kwetu ni kuwasomesha watoto wetu kwazo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.